Wati 5 kwa Mstari Mwembamba: Leza ya Kyoto Imefika

Wati 5 mfululizo, bila kukatika, kutoka kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 1. Na mstari wa rangi wenye upana wa asili wa kilohezi 1.23. Tafadhali zisome namba hizo mbili kwa pamoja! Leza za wati 5 tunazo, tena tele. Leza za kilohezi chache tunazo pia. Lakini zote mbili ndani ya chipu moja ya semikondakta, inayolishwa umeme moja kwa moja, bila kikuza mwanga nyuma yake wala msururu wa vioo mbele yake? Hicho ndicho kundi la Profesa Susumu Noda wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, lilichotangaza mwaka 2024 katika jarida la Optica. Tangu niisome ripoti yao, kila leza nyingine ya dayodi naiona imeachwa nyuma kizazi kizima.

Nianze na upana wa mstari, maana utamu wote umejificha hapo. Tumezoea kusema kwamba leza hutoa rangi moja tu, na kwa macho ni kweli. Kwa vyombo vya kupimia mambo ni tofauti. Mwanga una masafa yake, yanayopimwa kwa hezi kama ya redio, na masafa ya leza yoyote hutikisika kidogo muda wote. Ukiuchora mwanga huo kwenye grafu unapata kilima, na unene wa kilima hicho ndio upana wa mstari. Familia hii ya leza za Kyoto hufanya kazi kwenye nanomita 940 hivi, mwanga usioonekana ulio karibu na wekundu, unaotetema takriban mara trilioni 319 kila sekunde. Kilohezi 1.23 mbele ya hesabu hiyo ni kuyumba kwa sehemu moja katika sehemu bilioni 260. Kutoka kwenye kitu unachoweza kukificha chini ya ukucha!

Ili uone tulikotoka, rudi mwaka 1981. Fleming na Mooradian walipima leza ya dayodi ya alumini, galiamu na aseniki, wakakuta upana wa megahezi 114 kwa nguvu ya miliwati 1. Namba hiyo iliwashtua wanafizikia, kwa kuwa ilizidi mara 30 kile ambacho nadharia za wakati ule ziliweza kukieleza. Mwaka uliofuata Charles Henry wa Bell Labs alileta jibu. Ndani ya semikondakta, alisema, mwanga ukipungua au ukiongezeka kidogo, idadi ya elektroni nayo hubadilika, na elektroni zikibadilika, uwezo wa kitu hicho kupinda mwanga hubadilika pia. Kwa hiyo kila msukosuko wa nguvu hugeuka kuwa msukosuko wa masafa. Dayodi inaadhibiwa mara mbili kwa kosa moja, na hakuna njia ya kulikimbia hilo kabisa, kwa sababu limo ndani ya maumbile ya semikondakta yenyewe.

Sasa weka miliwati 1 na megahezi 114 upande huu, wati 5 na kilohezi 1.23 upande ule. Nguvu imeongezeka mara 5,000. Mstari umekonda zaidi ya mara 90,000. Katika teknolojia ileile ya dayodi!

Kinachonisisimua zaidi ni kwamba Kyoto hawakuvunja sheria yoyote ya fizikia ili wafike hapo. Wameitii sheria ya zamani kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 1958, miaka 2 kabla Theodore Maiman hajawasha leza ya kwanza duniani, Arthur Schawlow na Charles Townes walikuwa wameshaandika kwamba kadiri leza inavyokuwa na nguvu, ndivyo mstari wake unavyokuwa mwembamba. Sababu yake ni nzuri mno. Ndani ya kila leza, pamoja na fotoni zinazofuata mwendo wa wenzao, huzaliwa nyingine zisizofuata mwendo wa yeyote, na kila moja huusukuma mdundo wa leza nzima upande wowote unaotokea. Kama fotoni zilizokuwamo ni chache, msukumo huo unaonekana. Kama ni nyingi sana, haugusi kitu. Wimbi linalopindua mtumbwi halimwamshi nahodha wa jahazi.

Basi nguvu na utulivu ni ndugu tangu 1958. Nani aliwagombanisha?

Umbo la dayodi lenyewe. Dayodi ya kawaida yenye modi moja, yaani namna moja tu ya mwanga kujipanga, huuongoza mwanga ndani ya mfereji wenye upana wa mikromita chache na kuutolea ukingoni. Ukiongeza umeme, mwanga wote huo unabanwa kwenye kidirisha kidogo kiasi kwamba uso wa fuwele huungua. Ukiupanua mfereji ili uso upumue, mwanga hupata nafasi ya kujipanga kwa namna nyingi badala ya moja, kila namna na masafa yake, na mstari mwembamba unakwisha pale pale. Ndiyo maana dayodi za modi moja ziligota kwenye mamia ya miliwati, na waliotaka zaidi walilazimika kuchukua leza ndogo tulivu na kuifungia kikuza mwanga cha nyuzi au cha semikondakta. Mtambo huo unafanya kazi vizuri, ila ni mzito na ghali, na kila kiungo chake ni mahali pengine pa kuharibika.

Noda alichagua kuacha ukingo kabisa. Leza yake hutoa mwanga kupitia usoni, wima kama taa ya darini, na aliionyesha kwa mara ya kwanza pamoja na wenzake mwaka 1999. Wenyewe huiita PCSEL. Moyo wake ni fuwele ya fotoni, yaani tabaka jembamba la semikondakta lililotobolewa matundu madogo sana kwa mpangilio wa miraba, kisha likafunikwa kwa kuotesha fuwele nyingine juu yake bila kuyaziba matundu hayo. Wazo la fuwele za namna hiyo lilitoka kwa Eli Yablonovitch na Sajeev John mwaka 1987, kila mmoja kwa njia yake. Lakini kuligeuza kuwa leza ya wati nyingi ni kazi ya subira ya Kyoto, ya robo karne.

Hapa naomba twende polepole, kwa sababu huu ndio uhandisi mzuri kuliko wote niliousoma kwa muda mrefu. Umbali kati ya tundu na tundu ni sawa na urefu wa wimbi moja la mwanga ndani ya galiamu aseniki, ambao kwa nanomita 940 ni kama nanomita 276. Mwanga unapokimbia ndani ya tabaka hilo, kila safu ya matundu huurudisha kidogo ulikotoka, huugeuza kidogo kushoto na kulia, na huuinua kidogo juu. Hivyo mawimbi ya kaskazini, kusini, mashariki na magharibi yanakuwa yanazungumza muda wote, na yanapokubaliana, eneo zima huwaka kwa mdundo mmoja. Kwenye kipenyo cha milimita 1 kuna miraba kama 3,600 mfululizo. Katika duara zima ni zaidi ya milioni 10. Milioni 10, zote kwenye hatua moja!

Lakini duara likikua, tatizo la mfereji mpana hurudi kwa mlango wa nyuma. Modi nyingine, zile zisizotakiwa, hupata pa kukaa. Mwaka 2014 kundi la Kyoto pamoja na kampuni ya Hamamatsu Photonics lilifikisha wati 1.5, na tayari ilikuwa habari kubwa. Kwenda mbele kulihitaji kitu kipya, na kitu hicho kilikuwa kutoboa matundu 2 badala ya 1 kwenye kila mraba. Moja la duaradufu, jingine la duara, likisogezwa robo ya mraba kando na robo juu. Wimbi linalorudishwa na tundu la pili husafiri robo kwenda na robo kurudi zaidi ya lile la tundu la kwanza, jumla nusu wimbi. Nusu wimbi maana yake kilele cha moja kinakutana na bonde la jingine, na mrejesho unafutika karibu wote.

Unaweza kuuliza kwa nini mhandisi wa leza atake kuufuta mrejesho, wakati leza huishi kwa mrejesho. Jibu ndilo lililonifanya nisimame na kupiga makofi. Mrejesho ukiwa mkali, mwanga hujifungia kwenye vieneo vidogo na modi nyingi zinastawi ndani ya duara moja. Mrejesho ukiwa dhaifu kwa kipimo kamili, mwanga hutandaa hadi mipakani. Modi kuu, iliyojaa katikati, inabaki salama, na zile nyingine, zinazoegemea kingo, huvuja nje na kufa kabla hazijawaka. Udhaifu uliopimwa ndio unaoleta nidhamu. Baadaye wakaongeza kioo chini ya tabaka, umbali wake ukichaguliwa ili mwanga unaorudi kutoka chini uipendelee modi kuu na kuzinyima nyingine.

Mwaka 2023 njia hiyo iliwapa wati 50 mfululizo katika modi moja kutoka kwenye duara la milimita 3, kwa mwali unaotawanyika nyuzi 0.05 tu. Piga hesabu mwenyewe: bila lenzi yoyote, mwali huo ukienda mita 100 unaacha doa lisilofika sentimita 10. Dayodi ya kawaida ya ukingoni ikiachwa bila lenzi ingekuwa imeshauogesha ukuta mzima. Mng'ao wake ulifikia gigawati 1 kwa sentimita ya mraba kwa steradiani, kiwango ambacho kabla ya hapo kilikuwa cha leza kubwa za gesi, nyuzi na fuwele ngumu. Na ili joto lisiharibu mpangilio, maana katikati ya chipu hupata moto kuliko kingo na moto huo hubadilisha urefu wa wimbi, walitengeneza matundu yakiwa na tofauti ndogo za nafasi tangu mwanzo, ili leza ikishawaka na kupata joto ndipo kila kitu kiwe sawa. Yaani waliichora ikiwa na kasoro makusudi, ikamilike ikiwa kazini!

Sasa turudi kwenye hii ya 2024. Kundi lilikuwa na duara pana na modi moja, masharti yaleyale ambayo sheria ya 1958 ilikuwa inayasubiri. Wakakaa chini wakatoa fomula za upana wa mstari wa leza za aina hii, na fomula hizo ziliwaonyesha kwamba mstari hukonda ukipanua duara huku ukipunguza msongamano wa umeme unaohitajika ili leza ianze kuwaka. Upana wa duara unaongeza idadi ya fotoni zinazokaa ndani na muda zinaokaa. Umeme mdogo wa kuanzia unapunguza zile fotoni zisizofuata mwendo. Wakabuni chipu ya milimita 1 kwa kufuata fomula, wakaiwasha, wakapima, na ikatoa kilohezi 1.23 kwa wati 5. Wao wenyewe wanasema ni nguvu mara 10 zaidi, na mstari mwembamba mara 10 zaidi, kuliko leza za kawaida za semikondakta zenye modi moja. Nadharia ikaandikwa, chipu ikatii. Ni mara ngapi tunaona hivyo?

Faida yake? Nitashikilia moja, kwa sababu inanipa hamu kuliko nyingine zote: rada ya mwanga inayosikiliza masafa. Rada za mwanga nyingi za magari hurusha mpigo na kuhesabu muda wa kurudi. Aina hii ya pili hurusha mwanga mfululizo, huku masafa yake yakipandishwa na kushushwa, kisha huchanganya mwanga uliorudi na ule unaotoka. Tofauti ya masafa inatoa umbali na mwendo kwa pamoja. Ila inataka leza yenye kumbukumbu. Mwanga uliorudi lazima bado uwe kwenye mdundo wa mwanga unaotoka sasa, la sivyo mchanganyiko unageuka kelele. Leza yenye upana wa megahezi 1 huanza kupoteza kumbukumbu hiyo baada ya safari ya mita 95 hivi, kwenda na kurudi, kwa hiyo kitu kilicho mbele ya mita 50 kinaanza kukuponyoka. Kwa kilohezi 1.23, hesabu ileile inakupa zaidi ya kilomita 75. Halafu mwendo: mtu anayekuja kwako kwa mita 1 kwa sekunde huyasogeza masafa ya mwanga wa nanomita 940 kwa megahezi 2.1. Mstari wa megahezi 1 unamwona kwa ukungu. Mstari wa kilohezi 1.23 una nafasi ya kutofautisha mwendo usiofika milimita 1 kwa sekunde, polepole kuliko kifua cha mtu kinavyopanda na kushuka akipumua. Na una wati 5 za kumfikia akiwa mbali!

Jingine ni mawasiliano ya mwanga kati ya setilaiti, ambako kila gramu ni pesa na kila kikuza mwanga ni mzigo. Chipu inayotoa wati kadhaa kwa mwali ulionyooka yenyewe inaondoa nusu ya vifaa mezani. Kebo za chini ya bahari, kama zile za SEACOM na TEAMS zilizoingia Mombasa mwaka 2009, ni habari tofauti: hizo nazo huishi kwa leza za dayodi zenye mstari mwembamba, lakini kwenye nanomita 1,550 hivi, ambako nyuzi za kioo hupitisha mwanga vizuri zaidi, na nguvu huongezwa njiani na vikuza mwanga vya erbiamu vilivyolala baharini. Leza hii ya Kyoto ni ya hewani na angani.

Mapenzi yangu kwake hayanizuii kusema pale panapohitaji uangalifu. Kilohezi 1.23 ni upana wa asili, ule unaotokana na fotoni zenyewe. Nje ya hapo kuna kelele za kidunia: chanzo cha umeme kinachoyumba, joto linalopanda na kushuka, mtetemo wa meza. Hizo huongeza upana juu ya ule wa asili, hasa ukipima kwa muda mrefu. Atakayeinunua chipu kama hii kisha akaiunganisha na chanzo cha umeme cha bei poa atakuwa amejinyima mwenyewe. Hata hivyo upana wa asili ndio sakafu ya jengo. Kelele za nje unaweza kuzipunguza kwa saketi nzuri na kwa kuifunga leza kwenye kipimo thabiti, lakini sakafu huwezi kuichimba baada ya nyumba kujengwa, na Kyoto wameichimba mapema.

Pia ni lazima niseme kuhusu macho. Wati 5 zisizoonekana, kwenye mwali usiotawanyika, ni hatari kubwa. Mboni haina habari ya kujifunga, na lenzi ya jicho huukusanya mwali wote kwenye nukta moja. Yeyote atakayeweka teknolojia hii barabarani atalazimika kuipunguza nguvu, kuitawanya, au kuhamia kwenye urefu wa wimbi ulio salama zaidi.

Na kama unatafuta wembamba peke yake, wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha leza ya semikondakta iliyofungwa kwenye pete ndogo ya kuzungushia mwanga, ikashuka hadi upana wa asili wa hezi 1.2. Hezi, wala si kilohezi! Ni kazi ya ajabu na naipenda kwa moyo wote. Lakini nguvu yake iko kwenye miliwati, na wembamba unatoka kwenye pete iliyo nje ya leza. Kyoto wanaupata wembamba wao ndani ya leza yenyewe, kwa mwanga unaoweza kuunguza kadibodi, na kwangu mimi hiyo ndiyo njia yenye nafasi kubwa ya kukua, kwa sababu kila wakipanua duara wanapata nguvu zaidi na utulivu zaidi kwa pigo moja.

Na duara lina pa kwenda. Mwaka 2022 kundi hilohilo lilichapisha njia ya kubuni leza hizi zifike wati 100 hadi kilowati 1 zikiwa bado kwenye modi moja, kwa kipenyo cha milimita 3 hadi 10. Chukua ramani hiyo, iweke juu ya fomula za 2024, na utaelewa kwa nini siwezi kutulia. Ninachotaka sasa ni grafu moja: duara la milimita 10, chanzo cha umeme kimya kuliko vyote walivyonavyo, na mtikisiko wa masafa uliopimwa kuanzia hezi 1 hadi megahezi 10. Wakiichapisha asubuhi, mimi nitakuwa nimeshaisoma kabla ya chai.